Kompyuta Inapokukumbusha Jina la Safu



Imamu akikwama katikati ya kisomo, aliye nyuma yake humfungulia: humtajia neno linalofuata, naye akaendelea. Lakini anayefungulia sharti ajue imamu yumo katika sura gani. Kisa cha Bani Israil kimo katika Surat Al-Baqara na pia katika Surat Al-A'raf, kwa maneno yanayokaribiana mno. Akichanganya, atamtoa imamu sura moja na kumtia katika nyingine. Mfano huu tumeona unafaa kueleza kazi tuliyoifanya katika daftari la kompyuta la madrasa yetu hapa Mapera.

Daftari hilo ni hifadhidata, yaani taarifa zilizopangwa katika majedwali. Tunalo jedwali la wanafunzi, la wazazi na la ada, na kila moja lina safu zake: jina, darasa, kata na kadhalika. Ukitaka jibu huandika ulizo kwa SQL, lugha ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kwa mfano:

SELECT jina, darasa FROM wanafunzi WHERE kata = 'Mapera';

Maana yake: nipe jina na darasa kutoka jedwali la wanafunzi, wale wa kata ya Mapera tu. Ukikosea herufi moja ya jina la safu, kompyuta hukataa. Kwa hiyo tulitaka kihariri, yaani pale mahali pa kuandikia ulizo, kitukumbushe majina.

Msaada wa namna hii si mgeni. Programu ya MySQL ya kuandikia amri, kwenye Linux, husoma majina ya majedwali na safu zote inapofungua hifadhidata, kisha ukibonyeza kitufe cha Tab hukumalizia neno. Ila haiangalii umefika wapi katika sentensi. Ukianza "ji" itakuletea jina lolote linaloanza hivyo, la jedwali lolote.

Ugumu uko hapa: katika SQL safu hutajwa kwanza, jedwali baadaye. Mtu ameandika SELECT, anataka kukumbushwa safu, na bado hajasema za jedwali gani! Microsoft walipotoa LINQ mwaka 2007 waliigeuza sentensi, jedwali likatangulia, ili kihariri kipate kujua. Sisi hatukuweza kuigeuza SQL. Tulikifundisha kihariri kisome ulizo lote, nyuma na mbele ya pale unapoandika, kitafute FROM, kisha kichukue safu za jedwali hilo kutoka INFORMATION_SCHEMA, ambamo MySQL huorodhesha majedwali na safu zake. Basi mwandishi huandika FROM kwanza, akarudi nyuma kujaza safu. Akilipa jedwali jina la mkato, mathalani "wanafunzi w", kihariri hukariri kwamba "w" ni wanafunzi. Na kwa kuwa sentensi inayoandikwa huwa haijakamilika, hakina budi kuvumilia mabano yasiyofungwa na maneno nusu.

Tulifurahi. Kisha tukaandika ulizo la kutafuta wanaodaiwa ada. Tuliandika "ada", orodha ikashuka, tukabonyeza Enter. Ya kwanza kwa alfabeti ilikuwa ada_iliyolipwa. Tuliyoitaka, ada_inayodaiwa, ilikuwa ya pili. Kompyuta haikulalamika hata kidogo, kwani safu ipo na jina ni sahihi. Ikatutolea orodha safi ya wadaiwa, nayo ilikuwa ni orodha ya waliolipa! Lau mwalimu asingeitupia jicho, majina ya wazazi waliojinyima wakati wa msimu wa kahawa yangesomwa mbele ya watu kuwa ni wenye madeni. Kabla ya kuwekewa msaada huu tulikuwa tukikosea herufi, na kosa likijitangaza lenyewe.

Tulirudi kukirekebisha. Sasa yakiwapo majina mawili au zaidi, Enter peke yake haichagui chochote; lazima ushuke kwa mshale. Kando ya kila safu huonekana maelezo mafupi tuliyoyaandika ndani ya MySQL kwa neno COMMENT: "fedha zilizokwisha pokelewa", "fedha ambazo bado". Na orodha ya ada haitoki mpaka tumelinganisha majina matatu na stakabadhi za karatasi.