Spikuli: Mabingwa wa Ncha, Kuanzia Nduma za Kabiria hadi Juani

Wanasayansi huita spikuli karibu kila kitu chembamba chenye ncha: cha mmea, cha mnyama, hata cha jua. Basi tuwapange mabingwa.

Katika orodha hii, ndogo zaidi ziko hapa mtaani Kabiria. Anayemenya nduma mbichi hujipaka mafuta mikononi kwanza, na ana sababu. Ndani ya nduma mna sindano za kalsiamu oksaleti, fupi kuliko sehemu ya kumi ya milimita, na ukikata zinafyatuka. Wataalamu wa mimea huziita rafidi, lakini ukoo ni uleule. Chemsha nduma hadi ziive sawasawa. Mwenye haraka ya chai atawashwa koo.

Kwa kuwasha, upupu hauna mpinzani. Waliosoma bweni hawahitaji maelezo. Vinyweleo vya ganda lake ndivyo spikuli hasa, vya milimita chache tu, vimebeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Mwasho wake haupitii njia ya histamini, ndiyo maana vidonge vya aleji havifui dafu. Kinyweleo kimoja kinatosha kumkunisha mtu mzima.

Ubingwa wa urefu, kwangu, ndio wenye uzito. Mwaka 1899 meli ya utafiti ya Wajerumani, Valdivia, ilipita Dar es Salaam ikaelekea kaskazini ikikokota nyavu kilindini. Katika pwani hii ya Afrika Mashariki ikamwopoa sifongo wa kioo ambaye mtafiti Schulze alimwita Monorhaphis chuni mwaka 1904, kwa heshima ya Carl Chun, kiongozi wa msafara. Sifongo huyu husimama matopeni kwa spikuli moja tu, inayoweza kufika mita 3, nene kama kidole. Ni kioo, lakini hupindika bila kuvunjika, kwa sababu imejengwa tabaka juu ya tabaka, mamia yake. Moja iliyopimwa kutoka bahari za Uchina ilikadiriwa kuwa na miaka 11,000 hivi. Piramidi za Misri ni changa kwake.

Za jua zinashinda kwa ukubwa, ingawa ni za gesi, na mimi nasita kuzihesabu pamoja. Padri Angelo Secchi alizieleza mwaka 1877. Hupanda hadi kilomita 10,000 kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, kisha kwa dakika 10 hivi zimekwisha. Kwa hiyo zinabeba pia taji la maisha mafupi.