Kwa nini mlinzi wa magonjwa duniani alikaribia kunyamaza

AGOSTI 3, 2023, wataalamu 21 wa ProMED, huduma ya intaneti inayowatahadharisha madaktari na maofisa wa afya duniani kuhusu milipuko ya magonjwa, walitoa barua ya wazi wakitangaza kusitisha kazi. Walilalamikia kucheleweshwa kwa malipo yao na kueleza kuwa hawakuwa tena na imani na uendeshaji wa taasisi inayoilea huduma hiyo.

Kwa mwananchi wa kawaida jina hilo huenda ni geni. Lakini kwa wanaofuatilia magonjwa, habari hiyo ilikuwa sawa na kusikia kuwa mlinzi wa usiku ameweka rungu chini.

ProMED ilianzishwa mwaka 1994 chini ya Shirikisho la Wanasayansi wa Marekani, wakati ambapo intaneti ilikuwa bado ya watu wachache. Mwaka 1999 ilichukuliwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Magonjwa ya Kuambukiza (ISID), na tangu hapo taarifa zake zikawa zikisomwa bila malipo katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Inavyofanya kazi

Daktari wa hospitali, mtaalamu wa mifugo au msomaji aliyeona habari katika gazeti la mahali pake anaweza kutuma taarifa. Taarifa hiyo haichapishwi papo hapo. Husomwa kwanza na mtaalamu wa fani husika, ambaye huilinganisha na matukio ya nyuma, huulizia pale penye shaka, kisha huongeza maelezo yake kuhusu uzito wa jambo lenyewe.

Magonjwa ya watu, wanyama na mimea huwekwa pamoja, na sababu yake ni ya msingi. Homa ya Bonde la Ufa, iliyozikumba Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007, ni mfano mzuri: mara nyingi kondoo na mbuzi huanza kuharibu mimba kwa wingi kabla binadamu hawajaanza kuugua. Anayefuatilia wodi za hospitali pekee huchelewa kuliona hilo.

Faida ya mpango huo ilidhihirika Februari 10, 2003, ProMED ilipochapisha swali la daktari mmoja wa Marekani aliyesikia kuwa watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana huko Guangzhou, China. Ugonjwa huo baadaye ulijulikana kama SARS. Uliwapata zaidi ya watu 8,000 na kuua 774.

Septemba 2012, Dk. Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi kutoka Misri aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, Saudi Arabia, aliitumia huduma hiyo kutangaza kuwa amegundua aina mpya ya kirusi cha korona. Tangazo lake liliwasaidia wataalamu wa Uingereza kutambua kilichokuwa kikimsumbua mgonjwa kutoka Qatar aliyelazwa London. Usiku wa Desemba 30, 2019, ProMED iliwauliza wasomaji wake kuhusu homa ya mapafu isiyojulikana chanzo katika mji wa Wuhan. Dunia nzima inajua kilichofuata.

Fedha zilipopungua

Katikati ya Julai 2023, ISID ilitangaza kuwa hali ya fedha ni mbaya. Ilieleza kuwa wapo waliokuwa wakizikomba taarifa za ProMED kwa wingi na kuziuza, huku yenyewe ikiambulia patupu. Ilikusudia kuanza kutoza ada na kupunguza uhuru wa kusoma kumbukumbu za nyuma. Barua ya wataalamu ilifuata wiki chache baadaye, ikitaka huduma itafutiwe mlezi mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Huduma inayotumiwa na kila mtu bila malipo haina mtu mmoja anayejiona ana wajibu wa kuigharamia. Wafadhili hupenda miradi mipya yenye mwanzo na mwisho, ilhali ulinzi ni kazi ya kila siku isiyo na mwisho. Aidha, mlipuko uliozimwa mapema hauonekani katika hesabu za mtu yeyote.

Ulezi wa serikali nao si dawa kamili. Kanada iliendesha mtandao wa aina hiyo, GPHIN, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2019 mfumo wake wa kutoa tahadhari ulisimamishwa, wachambuzi wakaelekezwa kwenye kazi nyingine, miezi michache tu kabla ya Covid-19. Tahadhari zilirejeshwa mwaka 2020, baada ya gazeti la The Globe and Mail kufichua suala hilo.

ProMED haikufa, iliendelea kutoa taarifa baada ya mgogoro huo. Hata hivyo tukio hilo lilionyesha kitu gani hasa kingepotea. Kompyuta hununuliwa na programu huandikwa upya. Lakini mtaalamu aliyesoma taarifa za miaka 20, anayeweza kutofautisha uvumi na hatari ya kweli, hapatikani dukani.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Machi 21, 2023, Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa virusi vya Marburg, mkoani Kagera, unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Watu tisa waliugua na sita kati yao wakafariki dunia. Katika mpaka wa namna hiyo, ambako watu huvuka kila siku kwenda sokoni na kwa ndugu, wakati taarifa inapofika ndio huamua kama ugonjwa utaishia kijijini au utafika mjini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2023 ufa ulionekana mapema kwa sababu wenye kuulinda ukuta walipaza sauti.