Kupunguza Uzito (2): Sahani ya Baba, Kiti cha Mwana

Juma lililopita tulijifunza kupima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamume akifikia sentimita 94, au mwanamke 80, mafuta yamekwisha kujikusanya ndani ya tumbo, na hatari ya kisukari na shinikizo la damu inapanda. Wasomaji kadhaa wamepima na kushtuka. Leo tuulize mafuta hayo yalitoka wapi, na yataondokaje.

Hapa Likasi, jibu lina historia. Mji wetu, enzi zile ukiitwa Jadotville, ulikua kwa shaba. Kampuni ya Union Minière, ambayo baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ilikuja kuwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi mshahara na pia posho ya unga. Hiyo haikuwa sadaka. Mtu anayebeba, anayepiga nyundo na kusimama zamu nzima kwenye joto la kiwanda lazima ale sana ili kesho arudi kazini. Mlima wa bukari, yaani ugali, kwenye sahani yake ulikuwa kama mazutu kwa lori.

Kisha Gécamines ikadidimia katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwana wa mfanyakazi yule leo yuko juu ya pikipiki, au nyuma ya meza ya kuuzia vocha za simu, au darasani akishika chaki. Nyundo ya baba hakuirithi. Sahani ya baba anayo bado.

Sisemi kwamba Likasi nzima imenenepa. Ziko nyumba zinazopika mara moja kwa siku, na hizo zinahitaji chakula zaidi, si somo hili. Wala simsemi yule anayeleta makala mjini kwa baiskeli alfajiri (makala ya kupikia, si haya ya gazetini). Huyo akila bukari mkubwa, ameulipia kwa jasho. Nasema na sisi tunaoketi.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya mawese au ya chupa, kina 120. Soda ya sentilita 33 hubeba vijiko vidogo vya chai saba hivi vya sukari, yaani kalori 140, na chupa kubwa ya bia hukaribia 300. Sasa mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima kwa mwendo wa wastani, hutumia kalori 280 tu. Maana yake, anayetoka mazoezini akapitia baa kwa chupa moja amerudi pale alipoanza.

Ndiyo maana wengi hukimbia mwezi mzima, mizani ikakataa kusogea, wakakata tamaa. Kinachopunguza uzito hasa ni sahani. Kazi ya miguu ni kulinda moyo, kutunza misuli na kuzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Anayetaka kimoja bila kingine anapiga makasia upande mmoja wa mtumbwi.

Tuanze na sahani. Mila yetu ya kula pamoja ni nzuri, lakini ina mtego: matonge yakikatwa kutoka bukari mmoja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Basi kila mmoja akatiwe fungu lake kabla ya kuanza, lisizidi ngumi yake, wala robo ya sahani. Nusu ya sahani iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele. Robo inayobaki iwe samaki, maharagwe au mayai. Sombe yenyewe haina kosa. Kosa ni mafuta yanayoelea juu yake. Mpishi ayapime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye chupa. Kiu ikatwe kwa maji, na soda ibaki ya sikukuu.

Kisha miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Hatuhitaji ukumbi wa vyuma. Anayekaa Kikula na kufanya kazi mjini kati ashuke kwenye pikipiki mapema, amalizie kwa miguu. Vilima vyetu vitafanya kazi ya mwalimu. Mwendo wa kufaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba.

Je, kweli inasaidia? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, na kutembea dakika zile 150, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58, wakawashinda hata waliopewa dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo sita. Nusu kilo kwa juma yatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho humwagwa vilevile, haba na haba.

Lakini jihadhari. Mjamzito asijipunguze. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na mganga wake. Vidonge na chai za kukondesha vinavyouzwa sokoni bila maelezo viache huko huko. Na anayekonda bila kutaka, hasa akiwa na kikohozi cha majuma mawili au kiu isiyoisha, asipongezwe. Aende kupimwa kifua kikuu na kisukari.

Wazee wetu hawakukosea kula vile; kazi yao iliwadai. Sisi kazi yetu inadai nini? Leo jioni, kabla hamjanawa mikono, kateni kila mtu fungu lake.

Juma lijalo: chumvi na samaki wakavu.