Kagua bati kabla ya mvua ya kwanza

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukipita njia panda ya Nanganga kwenda Masasi, au ukipanda Newala, harufu ya salfa inakupokea. Mikorosho imezunguka nyumba, na unga wake unaopulizwa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga haubaki kwenye maua tu. Mwingine hutua kwenye bati.

Juu ya Uwanda wa Makonde maji huzama mchangani, kwa hiyo kaya nyingi hukinga ya mvua kwenye kisima kilichosakafiwa uani. Hesabu yake nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 40 likipata milimita 20, ni karibu lita 800. Baada ya miezi ya kununua maji kwa ndoo, nani atakubali zimwagike?

Mvua ya kwanza, hata hivyo, iache ipite. Chomoa bomba la mfereji lisiingie kisimani mpaka bati litakate. Watu huhofia salfa kwa kuwa inanuka. Mimi nahofia zaidi mavi ya ndege na mijusi, maana ndiyo yenye vijidudu vya kuhara. Kabla ya hapo, safisha mfereji, ziba nyufa za kisima, funga mfuniko na uweke wavu mdomoni. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa.

Halafu kuna ule mfuko wa salfa uliobaki, umeegemezwa chumbani karibu na koroboi. Salfa ikishika moto hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu wa macho na mapafu, hugeuka tindikali. Mwenye pumu huanza kubanwa mara moja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutanda chini walikolala watoto kwenye mkeka. Mfuko uhamie stoo kavu, iliyofungwa, mbali na jiko. Ukiwaka, toeni watu kwanza, kaeni upande upepo unakotoka, pigeni 114, Zimamoto.

Upepo nao usidharauliwe. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, baada ya Mtwara na Lindi kutahadharishwa. Panda ngazi kungali na jua: msumari uliolegea ugongwe, kenchi zifungwe kwa waya kwenye nguzo. Kadi za kliniki na dawa za kila siku zitie kwenye mfuko wa plastiki, mahali ambapo hata mtoto anapajua.