Je, uvutano wa Jua hupunguza kasi ya nuru?

NURU husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde moja mahali pasipo na hewa wala kizuizi chochote. Je, inapopita karibu na Jua, ambalo uvutano wake ni mkubwa mno, kasi hiyo haipungui?

Swali hili si la kupuuzwa. Albert Einstein mwenyewe aliandika mnamo 1911 kwamba kasi ya nuru hutegemea nguvu za uvutano pale inapopita. Alipokamilisha nadharia yake ya jumla ya uhusianifu mnamo 1915, alitoa jibu pana zaidi: uvutano hupinda nafasi na kupunguza mwendo wa saa.

Mnamo 1964, mwanafizikia Mmarekani Irwin Shapiro alipendekeza njia ya kulipima jambo hili. Mawimbi ya rada, ambayo kasi yake ni ile ile ya nuru, yangeelekezwa kwa sayari za Zuhura na Utaridi zikiwa upande wa pili wa Jua, kisha mwangwi wake usubiriwe. Majaribio yaliyofanywa Haystack, jimboni Massachusetts, yalibainisha kwamba mwangwi uliopita karibu na Jua ulichelewa kwa takriban sekunde 0.0002, sawa na hesabu za Einstein.

Je, kuchelewa huko ndiko kupungua kwa kasi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mtu ambaye angesimama kando ya Jua na kuipima nuru inayompita hapo alipo angepata kasi ile ile ya siku zote. Sisi tulio mbali, tunaotegemea saa zetu wenyewe, ndio tunaoiona ikikawia.

Hili si suala la wataalamu pekee. Uvutano wa dunia ni hafifu zaidi kule juu ziliko satelaiti za GPS. Hata baada ya kuzingatia athari ya mwendo wa satelaiti hizo, saa zake zingetangulia za hapa chini kwa sekunde 0.000038 kila siku. Katika muda huo mfupi, nuru husafiri zaidi ya kilomita 11. Lau wahandisi hawangerekebisha hitilafu hiyo, simu inayomwelekeza dereva ingempoteza njia.

Kwa hivyo, anayeuliza iwapo kasi ya nuru hubadilika hana budi kuulizwa kwanza: imepimwa na nani, naye alikuwa wapi?