KUMHOJI MTOTO NI KAZI YA KUFUNDISHWA

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mwananchi ajuaye kwamba mtoto anadhulumiwa kutoa habari kwa halmashauri ya mahali pake. Habari hiyo humfikia Afisa Ustawi wa Jamii, naye ndiye wa kuichunguza. Hapo ndipo tunapotaka kusema neno leo, maana kupokea habari ni jambo moja, na kuichunguza ni jambo jingine kabisa.

Tuitazame Mamba, huko Mpimbwe, mkoani Katavi. Takwimu za taifa za mwaka 2015-16 zilionyesha kwamba mkoani humo wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha zaa au ni waja wazito. Nyuma ya hesabu hiyo yamo mashauri mengi ambayo hayakufika mahakamani. Mengine yalimalizwa nyumbani kwa ng'ombe, na wazee wakaita hayo suluhu. Sisi hatuyaiti hivyo.

Mtoto aliyeingiliwa hana budi kufikishwa kwa mganga kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Afisa asiyelijua hilo huimaliza siku ya kwanza kwa barua, ya pili kwa kikao cha ukoo, na siku ya tatu nguo za mtoto zimekwisha fuliwa. Ushahidi umekwenda na maji.

Lakini penye uzito zaidi ni katika kuuliza. Amwulizaye mtoto, "Je, ni mjomba aliyekushika?" amekwisha mtia jibu kinywani. Yafaa aseme, "Nieleze yaliyotokea," kisha anyamaze, mahali pa faragha, mshukiwa asiwepo, na ayaandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa. Tena asimrudishe mtoto kuyasimulia mbele ya kila mwenye cheo. Sheria ya Ushahidi yaruhusu mtu kutiwa hatiani katika makosa ya kujamiiana kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba asema kweli. Basi maneno hayo yakichafuliwa siku ya kwanza, wakili wa mshitakiwa hana kazi kubwa.

Ujuzi huu hauji kwa huruma tu, wala kwa cheti cha chuo. Twataka mafunzo yaletwe Mpimbwe kwenyewe, Afisa akae darasa moja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwuguzi wa zahanati, mwalimu na mtendaji wa kijiji. Kwa kuwa mara nyingi hao wawili wa mwisho ndio wanaomsikia mtoto kwanza.