Jumba la Makumbusho ni Letu Pia

Ndugu wazazi wa Kangemi, Kawangware, Uthiru na Dagoretti,

Kila likizo swali ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi bila kumaliza pesa ya unga? Wengi wetu hudhani Jumba la Makumbusho la Taifa, pale Museum Hill, ni la watalii na la shule zenye basi. Basi mtoto ambaye hela ya safari ya shule ilikosekana hubaki akisimuliwa na wenzake. Haifai hivyo. Jumba lile ni mali ya umma, na mzazi anaweza kumpeleka mtoto mwenyewe.

Kutoka Kangemi, panda matatu ya mjini inayopitia Waiyaki Way na Westlands, uteremke Museum Hill kabla ya kufika mjini. Jengo lilifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana wa kikoloni, Coryndon. Baada ya Uhuru likawa la Taifa. Lilifungwa 2005 kwa matengenezo, likafunguliwa tena 2008.

Mtaona nini?

Kwanza, ndovu Ahmed wa Marsabit. Pembe zake zilikuwa kubwa mno, hata mwaka 1970 Rais Kenyatta akaamuru alindwe asiuawe na majangili. Alikufa 1974. Sanamu yake ya kimo kamili iko pale.

Pili, Kijana wa Turkana. Mwaka 1984, huko Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe. Wenzake walipochimba, walipata mifupa mingi ya mtoto mmoja. Umri wake ni kama miaka milioni moja na nusu. Wamejuaje? Wataalamu hupima majivu ya volkeno yaliyolala katika tabaka za udongo, juu na chini ya mifupa. Kimeu hakusoma chuo kikuu; alikuwa na macho makali na subira. Mwambie mtoto wako hilo.

Tatu, nyoka. Mtoto ajifunze kuwatazama bila kuwachokoza. Tena mkumbushe: aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe damu. Atulizwe, kisha akimbizwe hospitali.

Je, mifupa hii inaharibu imani?

Wengine huuliza hivyo. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka mifupa hii isipewe nafasi ya mbele. Kwa sisi Wakatoliki jambo hili halipaswi kutuogopesha. Papa Yohane Paulo II aliwaambia wanasayansi mwaka 1996 kwamba elimu hii ya mageuko ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Sayansi huuliza mwili ulitokeaje. Imani huuliza nani alituita tuwepo, na kwa nini. Mtoto akiuliza, usimfokee. Mjibu.

Kabla ya kwenda

1. Chukua kitambulisho. Raia hulipa kidogo kuliko wageni. Ulizia bei mapema, na kama malipo ni kwa simu.

2. Watoto wale nyumbani kwanza, na mbebe maji.

3. Msikimbilie kuona kila kitu. Vyumba viwili vitatu vyatosha.

4. Jioni msimpe mtoto mtihani. Muulize tu: ni kitu gani kimekushangaza?

Na kama mzazi hakusoma sana, asione haya. Pale kuna vibuyu, mikuki, shanga na vyombo vya makabila yetu. Mtoto atamsomea maandishi, naye mzazi au nyanya atamweleza kibuyu kilivyosafishwa na maziwa yalivyogandishwa. Maandishi ya ukutani hayasemi yote hayo. Hapo mtoto atajua kwamba elimu haiko shuleni peke yake, na kwamba hata nyumbani kwake kuna mwalimu.